Uzoefu wangu: PWM ya ATmega328P kuongoza noti za osileta

Nimetumia PWM (mapigo ya haraka ambayo upana wake hubadilishwa) ya ATmega328P, chipu iliyomo kwenye Arduino Uno, kuongoza osileta (saketi inayotoa sauti) iliyojengwa kwa chipu ya AS3340. Ni ya 1 V kwa oktava, yaani kila volti moja hupandisha noti oktava moja. Kwa sinthesaiza ya sauti moja inatosha kabisa, ilimradi usiitumie analogWrite, amri ya Arduino ya kutoa PWM, kama ilivyo.

Tusichanganye mambo: siongelei upana wa pigo la sauti yenyewe. Huo hubadilisha ladha ya sauti, noti inabaki palepale. Hapa mapigo yanachujwa hadi yawe volteji tulivu, na volteji hiyo ndiyo inayopandisha au kushusha noti.

Nusu toni moja ni 83.3 mV. analogWrite hugawa 5 V katika hatua za 19.6 mV, yaani senti 23 na ushee kila hatua (senti 100 ni nusu toni), kwa hiyo noti inaweza kukosea hadi senti 12. Hilo lingevumilika kwenye besi. Kisichovumilika ni kasi: pini 9 hutoa mapigo 490 tu kwa sekunde. Ukichuja kwa rizista ya 10 kΩ na kapasita ya 1 µF, bado yanabaki mawimbi ya takriban 0.26 V kutoka chini hadi juu, sawa na nusu toni tatu. Osileta haiimbi, inakoroma. Ukiongeza kapasita mkoromo unapungua, lakini kila noti inafika kwa kuteleza kama ya trombone.

Kuongeza biti peke yake hakusaidii, maana kila biti moja inapunguza kasi kwa nusu. Biti 10 kwenye Timer1, saa ya ndani ya chipu inayotengeneza mapigo, zinakupa 15.6 kHz na hatua za senti 6. Biti 12 zinakushusha hadi 3.9 kHz na mkoromo unarudi.

Nilichobaki nacho ni pini mbili za Timer1, 9 na 10, kila moja biti 8 kwa 62.5 kHz:

TCCR1A = _BV(COM1A1) | _BV(COM1B1) | _BV(WGM10);
TCCR1B = _BV(WGM12) | _BV(CS10);

Pini zote mbili ziwekwe OUTPUT. Pini 9 hubeba baiti ya juu ya namba ya biti 16 na hupita kwenye 3.9 kΩ; pini 10 hubeba baiti ya chini na hupita kwenye 1 MΩ. Zinakutana kwenye kapasita ya 220 nF inayokwenda grandi. Uwiano ni karibu 256, kwa hiyo pini ya pili inajaza nafasi kati ya hatua za ya kwanza. Rizista za asilimia 1 zinatosha. Kisha chujio la pili: 39 kΩ na 22 nF. Mawimbi yanayobaki hayafiki 0.1 mV, na noti inatulia ndani ya milisekunde 8 hivi.

Usiunganishe chujio moja kwa moja na osileta. Rizista ya kuingilia ya osileta ni 100 kΩ na itakula karibu asilimia 30 ya volteji. Weka bafa, yaani op-amp inayopitisha volteji bila kuipunguza: TL072 kwenye ±12 V. Op-amp ya LM358 ikilishwa 5 V pekee hugota karibu na 3.5 V, na oktava ya juu yote inakwama kwenye noti moja.

Kwenye programu, 5 V nzima ni hatua 65,536, kwa hiyo 1 V ni 13107 na nusu toni moja ni 13107/12. Zidisha kwa uint32_t; kwa int ya kawaida hesabu inafurika kuanzia noti ya tatu na utadhani saketi imeharibika. Pia, kwa mpangilio huu, kuandika sifuri hakuzimi pini: kipigo chembamba kinabaki, karibu 20 mV. Hakibadiliki, kwa hiyo trima (rizista ya kurekebisha) ya kutyuni inakimaliza.

Kilichonisumbua zaidi ni umeme. Kimo cha mapigo ni kimo cha 5 V ya bodi, na ya USB hainyooki. Ikishuka asilimia 1, noti iliyo kwenye 4 V inashuka 40 mV, karibu robo toni. Nilipitisha kila pini kwenye milango miwili iliyofuatana ya 74HC14, chipu ya kugeuza mapigo (mmoja pekee ungegeuza mapigo), chipu hiyo ikilishwa na REF02, chipu ya volteji thabiti ya 5 V, badala ya USB. Grandi nayo ina visa vyake: LED ya 20 mA ikirudishia mkondo kwenye waya uleule wa osileta, na mguso wa bredibodi una nusu omu, unapoteza 10 mV. Taa ikiwaka, noti inahama senti 12. Kila upande upewe waya wake hadi sehemu moja ya kukutania.

Gharama yake ni pini mbili, rizista tatu, kapasita mbili, chipu tatu (TL072, 74HC14 na REF02) na subira ya kutyuni. Kwa sauti nne au zaidi nisingejisumbua. Ningechukua MCP4822, chipu inayogeuza namba kuwa volteji, biti 12 kwa matokeo mawili, yenye volteji yake ya rejea ya ndani na hatua za 1 mV ikiwekwa kwenye 4.096 V.