Nikikosa kulipa miezi mitatu itakuwaje? Nimeipanga mipango ya kustaafu, kuanzia bora hadi mbaya, kwa swali hilo moja

Ukurasa wa 11 wa ile hati yangu ya bima una jedwali dogo, maandishi yake madogo kuliko ya kwenye paketi ya dawa. Upande wa kushoto kuna miaka, upande wa kulia pesa utakayorudishiwa ukiacha kulipa. Mwaka wa 1: sifuri. Mwaka wa 2: sifuri. Mwaka wa 3 ndipo namba inaanza, na hata hapo haifiki nusu ya ulichotoa. Jedwali hilo nililisoma kwa mara ya kwanza Juni 2020, nimeketi kwenye kiti cha wateja katika saluni yangu hapa Donholm, Nairobi, saluni haina mtu, na mimi nimeshalipa 5,000 kila mwezi kwa miezi 18. Hiyo ni 90,000. Sikurudishiwa hata shilingi.

Niliinunua Oktoba 2018 kwa ajenti tuliyekuwa tukiabudu naye kanisa moja. Aliiita pensheni, nami nikaiita pensheni. Kumbe ilikuwa bima ya maisha yenye akiba, ya miaka 15, niikamilishe nikiwa na miaka 51. Kafyu ilipoanza Machi 27, 2020, saa moja jioni kila mtu ndani, wateja wakaisha. Nikakosa Aprili. Nikakosa Mei. Siku 30 za kusubiriwa zikapita, ujumbe ukaingia kwa simu kwamba bima imekatika. Nikampigia ajenti. Akaniambia, "Lakini dada, si hiyo iko kwa hati uliyotia sahihi?" Iko, ni kweli. Ila siku ile sebuleni kwangu, chai mezani, alinifungulia ukurasa wa 2 na ukurasa wa 5 na ule wa kutia sahihi. Wa 11 hakuugusa.

Tangu nianze kukisimulia kisa hiki, wanawake wengi wameniandikia, na karibu wote wana jedwali kama langu. Mwalimu wa shule ya kibinafsi Kayole alipoteza miaka miwili ya malipo shule ilipochelewesha mishahara. Mwingine anauza mitumba Gikomba, moto ukapita kibandani kwake, akakosa miezi minne. Hakuna kati yao aliyekuwa mzembe. Pesa ya Nairobi kwa wengi wetu haiji tarehe 30 kila mwezi. Inakuja kwa msimu: Desemba inafurika, Januari karo inaikomba, Februari unaishi kwa deni la duka.

Ndiyo maana kwenye mwongozo huu sipangi kwa faida iliyotangazwa. Faida utaisoma kwenye mabango. Sipangi kwa ukubwa wa jengo la kampuni wala kwa umri wake. Ninauliza swali moja tu: nikikosa kulipa miezi mitatu, pesa niliyokwisha kuweka itakuwa wapi na itafanya nini?

Namba moja: mpango wa pensheni wa mtu binafsi, na mimi niko CIC Jipange

Naupenda mpango huu wa kampuni ya bima ya CIC na sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Nilijiunga 2021. Kabla ya kutia sahihi nilipanda hadi CIC Plaza, Mara Road kule Upper Hill, nikaketi na dada mmoja wa huduma kwa wateja nikamuuliza swali langu hivyo hivyo lilivyo. Akanijibu bila kuzungukazunguka: ukiacha kulipa, akaunti yako inabaki, iliyomo inaendelea kupata faida, na siku ukipata unaendelea pale ulipoachia. Nikamwomba anionyeshe kwenye karatasi. Akanionyesha.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi mzuri naweka 10,000, mwezi mbaya 2,000, na mwaka 2023 nilipofanyiwa upasuaji nilikaa miezi minne bila kuweka chochote. Taarifa ya mwisho wa mwaka ilipokuja, salio lilikuwa pale pale pamoja na faida yake. Nililitazama kwa muda mrefu. Mtu aliyewahi kupoteza 90,000 ataelewa.

Huu si ukarimu wa kampuni moja, na lazima niliseme. Ni muundo wenyewe. Mpango wa pensheni unasajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia mafao ya kustaafu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, na unachokiweka ni chako kwa jina lako. Kwa kawaida kuna msimamizi anayeandika hesabu, meneja anayewekeza, na benki mtunzaji inayoshika mali yenyewe, kila mmoja mahali pake. Kampuni nyingine pia zina mipango ya aina hii, na usipoipenda ya kwanza sheria inakuruhusu kuhamisha akiba yako hadi mpango mwingine. Bima ya akiba haina mlango huo.

Sasa ushuru, maana hapa wengi huacha pesa mezani. Tangu Desemba 27, 2024, unachoweka kwenye mpango uliosajiliwa kinapunguzwa kwenye mapato yako kabla ya kutozwa ushuru, hadi 30,000 kwa mwezi. Zamani ilikuwa 20,000. Mimi mwaka jana niliweka jumla ya 84,000. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mapato yangu hutozwa asilimia 30, hiyo ni 25,200 ambayo KRA haikuichukua. Lakini angalia: kama biashara yako iko kwenye ule ushuru wa mauzo wa asilimia 3, punguzo hili halikufikii, kwa sababu unatozwa kwenye mauzo yote bila kutoa gharama. Ajenti hatakwambia hilo. Na ukifika umri wa kustaafu, au ukitimiza miaka 20 ndani ya mpango, malipo yako siku hizi hayatozwi ushuru.

Ubaya wake? Pesa imefungwa. Sehemu yake huigusi mpaka utimize miaka 50. Kwangu mimi huo ni uzuri, kwa sababu ningeshanunua viti vipya vya saluni mara tatu. Uliza pia utalipwaje mwishoni: ipo mipango inayokupa yote mkononi, na ipo inayokupa theluthi moja, iliyobaki inageuzwa malipo ya kila mwezi. Jua uko upi kabla hujaingia.

Namba mbili: NSSF, ukiwa umeajiriwa

Huu ni mfuko wa serikali wa akiba ya uzeeni. Hii hununui, inakatwa tu kwenye mshahara. Naiweka hapa kwa sababu watu huilalamikia bila kuihesabu. Kwa miaka mingi tulikatwa 200, na mwajiri 200, pesa ambayo ukistaafu nayo hununui hata mbuzi wa kutosha. Sheria ya 2013 ilikaa mahakamani karibu miaka kumi, ikaanza kufanya kazi Februari 2023, na sasa unakatwa asilimia 6, mwajiri naye anaongeza asilimia 6. Kufikia 2025 kiwango cha juu kilikuwa 4,320 kwa kila upande. Ukipoteza kazi ukakaa mwaka mzima nyumbani, iliyomo inabaki yako na inaendelea. Swali langu limejibiwa.

Hofu yangu hapa ni mwajiri anayekukata na asipeleke. Mfanyakazi wangu wa kwanza saluni alikuwa ametoka mahali ambapo karatasi ya mshahara ilionyesha makato ya miezi 14, na akaunti yake ilikuwa na miezi mitano. Fungua akaunti yako leo uhesabu mistari. Mwezi mmoja, mstari mmoja.

Namba tatu: bondi za serikali

Hapa swali langu halina meno, kwa kuwa hakuna malipo ya kila mwezi ya kukosa. Unaikopesha serikali mara moja, 50,000 kuendelea kwa bondi za kawaida, kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu, hata ukiwa kitandani na simu. Riba inaingia benki kila miezi sita. Bondi za miundombinu hazikatwi ushuru kabisa. Zile za kawaida hukatwa asilimia 10 ikiwa ni za miaka kumi au zaidi, na 15 zikiwa fupi. Ile ya miundombinu ya Februari 2024 ilitoka na riba ya asilimia 18.46, na walioinunua wanaikumbuka kama siku ya harusi. Usingoje nyingine kama hiyo ndipo uanze.

Shida ni hiyo 50,000. Kuikusanya mpaka ifike bila kuimega kunahitaji moyo. Mimi nanunua bondi kwa pesa ya Desemba pekee.

Namba nne: sacco

Najua nitagombwa. Sacco imesomesha nusu ya Nairobi, na mimi ni mwanachama. Lakini sacco ni chombo cha mkopo, na kama akiba ya uzeeni ina tundu ambalo watu hawalioni: kudhamini. Ukimdhamini mwenzako, akiba yako imefungwa naye. Mama jirani yangu wa ghorofa ya pili alistaafu akiwa na akiba nzuri, akaandika barua ya kujitoa, akaambiwa asubiri kwa sababu wawili aliowadhamini waliacha kulipa. Alisubiri mwaka na nusu. Hisa zile za mtaji nazo hurudishiwi, unatafuta mwanachama wa kukununulia. Weka sacco kwa ajili ya mkopo wa karo na nyumba. Uzee uutafutie mahali pengine.

Za bei nafuu

Mbao Pension ilianzishwa 2011 kwa ajili ya jua kali, shilingi 20 kwa siku. Haba Haba ya NSSF ni 25 kwa siku, na baada ya miaka mitano unaweza kutoa nusu. Zote zinavumilia kukosa. Ni bora kuliko chungu cha chini ya kitanda, lakini 20 kwa siku ni 7,300 kwa mwaka, na mtu asidhani hiyo pekee itamlipia kodi ya nyumba akiwa na miaka 65.

MMF, yaani mfuko wa soko la fedha, ni mahali pa dharura. Riba yake inakatwa asilimia 15, na pesa inatoka kwa kubonyeza simu, ndiyo maana haitazeeka na wewe.

Ya mwisho: bima ya akiba inayouzwa kwa jina la pensheni

Bima ya maisha ina kazi yake. Ukiwa na watoto wadogo na deni la nyumba, nunua bima ya kifo tupu, ya bei ndogo, ulale. Ninachokipinga ni kuuziwa bima ya miaka 15 ukiambiwa ni ya kustaafu, wakati maisha yako hayajawahi kuwa na miezi 180 mfululizo ya mapato sawa. Nani amewahi kuwa nayo mjini hapa?

Na sababu ya kuuziwa hii kabla ya nyingine zote ni kamisheni. Malipo yako ya mwaka wa kwanza, sehemu nono yake inakwenda kwa aliyekuuzia. Akishalipwa, kukatika kwa bima yako mwaka wa pili kunakuumiza wewe kuliko yeye. Ndiyo maana anakupigia simu mara sita kabla ya kutia sahihi, na mwezi uliokosa hapigi hata moja. Nimeumizwa na hilo kuliko hizo 90,000. Mtu alikunywa chai yangu, akawaombea watoto wangu, akajua kazi yangu ni ya msimu, na bado akaniandikia mpango wa kulipa kila mwezi bila kukosa. Kama ajenti anasoma hapa: mteja wako akiwa kinyozi, msusi, mama mboga au dereva wa matatu, mfungulie jedwali kwanza. Atakushukuru na atakuletea wengine.

Ploti siipangi. Kila wiki naulizwa kuhusu Joska, Kamulu na Juja Farm, ploti ya 50 kwa 100 kwa malipo ya polepole. Uliza swali lile lile. Kwenye mkataba mmoja nilioletewa na mteja wangu, ukikosa awamu mbili kampuni inakata asilimia kubwa ya ulicholipa na kumuuzia mtu mwingine ploti hiyo hiyo, kwa bei mpya. Bei yenyewe ilikuwa imepanda kwa laki moja kati ya siku ya tangazo na siku ya kutembelea shamba, kwa sababu, wanunuzi waliambiwa ndani ya basi, lami inakuja. Mimi nimekuwa nikisikia lami hiyo inakuja tangu binti yangu yuko darasa la tatu. Sasa anamaliza kidato cha nne.

Kama una hati yoyote nyumbani unayoiita pensheni, itoe leo jioni. Tafuta neno RBA kwenye ukurasa wa kwanza. Lisipokuwepo, tafuta jedwali la miaka na pesa, halafu tazama uko mstari gani. Ukiwa umevuka mwaka wa 3, usiikate kwa hasira. Waandikie waombe wakupe kwa maandishi kiasi utakachopata ukitoka sasa, na kiasi itakachokuwa nacho ukiacha kuongeza lakini ukaiacha mpaka mwisho. Mwalimu wa Kayole aliandika barua hiyo kwa bima yake nyingine, akajibiwa baada ya siku tisa, na kuiacha ilale kulikuwa na faida kuliko kuivunja. Barua yake ilikuwa na sentensi tatu. Ameniruhusu niigawe, ukiitaka niandikie nitakutumia.