Kupanda Meru siku nne: nampa afande nyota zote tano

Nimekulia Arusha, na Meru nauona kila asubuhi nikienda kazini. Februari ndiyo mara ya kwanza kuupanda, mimi na mdogo wangu, kupitia lango la Momella.

Hapo hupandi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Nilidhani ni utaratibu tu. Hatujamaliza saa moja, afande akainua mkono. Nyati dume, mzee, peke yake, amelala topeni hatua kama arobaini kutoka njiani. "Dada, msikimbie. Nyuma yangu, taratibu." Akachota vumbi, akaliachia aone upepo unaelekea wapi, kisha akatuzungusha upande ambao mnyama asingenusa harufu yetu. Baadaye akatueleza kwamba kundi kubwa mara nyingi hukimbia; wa kuogopwa ni dume aliyejitenga, maana hutulia kichakani mpaka umfikie karibu. Bunduki haikutoka begani.

Msituni alituambia tuchomeke suruali ndani ya soksi, siafu walikuwa wanavuka njia. Mdogo wangu alichelewa, wakampanda hadi gotini.

Siku ya pili mchana tulipanda Meru Ndogo, mita 3,820, ili mwili uzoee. Usiku tukaanza safari ya kilele. Ukipita sehemu iitwayo Rhino Point miamba inainama, na alfajiri ile ilikuwa na utando wa barafu. Hapo hapo taa ya kichwani niliyokodi duka moja mjini ikazima, na betri za akiba walizonipa zilikuwa zimekufa. Mwashe taa yenu dukani kabla hamjalipa, jamani. Afande alinivisha ya kwake, akatangulia nikimmulikia miguu.

Kilele, mita 4,566, hatukukiona. Mdogo wangu aliumwa kichwa, akatapika, akaanza kuyumba akitembea kwenye majivu, na kushoto kwetu ni ukuta wa kreta, yaani shimo la volkano, unaoshuka wima. Afande akasema tunashuka wote, sasa hivi. Nilikasirika, hela nilishalipa. Tulipofika chini, kambi ya Miriakamba, mdogo wangu alikuwa anaomba ugali.

Wanaotaka siku tatu, mimi siwashauri. Siku ya nne inawapa magoti nafasi ya kushuka bila haraka. Sisi tunarudi Septemba, na nitauliza langoni kama afande yule yupo zamu.