Bt na pairethroidi kwenye kabichi: nilichokiona siku ya 7

Karibuni watazamaji. Mkononi nina dawa mbili za viwavi wa kabichi. Hii ya unga ni Bt, yaani bakteria Bacillus thuringiensis. Hii ya maji ni lambda-sihalothrini, dawa ya kemikali ya kundi la pairethroidi. Nimezipuliza zote dhidi ya Plutella xylostella, yule kiwavi mdogo wa kijani ambaye ukimgusa anajirusha na kuning'inia kwa uzi.

Kwanza tazameni kitalu hiki. Kimepulizwa maji matupu. Bila hiki msiniamini hata kidogo! Mvua peke yake huwaangusha viwavi wengi, na kuna nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani yao. Ukipuliza leo, usiku ikanyesha, kesho utaisifia dawa kwa kazi ya mvua. Kwa hiyo kila dawa ina vitalu 4 nilivyovipanga kwa kura, na nahesabu mimea 10 ya katikati tu, maana ya pembeni hupata dawa ya jirani ikipeperushwa na upepo.

Asubuhi ya kwanza pairethroidi iling'ara: viwavi chini, wamelegea. Kwenye Bt walikuwa hai, wanatambaa. Hapo ndipo wengi huitupa, na inaniuma, kwa sababu ukiangalia jani vizuri hakuna tundu jipya. Bt lazima iliwe. Kiwavi akishaila huacha kula ndani ya saa chache, kisha hufa baada ya siku mbili tatu.

Siku ya 7 mambo yaligeuka. Vitalu vya Bt, majani ya ndani safi. Kwa pairethroidi, viwavi wamerudi na vidukari wamejaa, kwani dawa hiyo huua pia wadudu rafiki wanaowala. Isitoshe, mdudu huyu ni sugu kweli kweli; mwaka 1953 huko kisiwa cha Java, Indonesia, tayari alikuwa hasikii dawa ya wadudu ya DDT.

Bt nayo ina masharti. Jua huiharibu, hivyo puliza jioni. Jani la kabichi lina nta, maji huteleza, changanya na dawa ya kunatisha. Wapate viwavi wakiwa wachanga. Vidukari haiwagusi, wao hufyonza utomvu. Na usiirudie msimu mzima, kwani Plutella ameshaizoea pia mahali kadhaa. Soma namba ya kundi kwenye lebo, inayoonyesha jinsi dawa inavyoua: Bt ni 11A, pairethroidi 3A. Awamu ijayo chagua dawa yenye namba nyingine.

Mimi nimechagua Bt. Siku ya 14 nahesabu tena, nitawaonyesha majani yenyewe.