Kenwood TS-440S ikionyesha nukta: kulehemu upya au kung'oa gundi?

Ukiwasha redio ya mawasiliano ya Kenwood TS-440S, kioo kikatoa nukta tupu badala ya namba za masafa, jua saketi ya PLL, ile inayoshikilia masafa yasiyumbe, imepoteza mshiko. Kuna njia mbili za kuitibu.

Ya kwanza ni kuchomoa na kurudisha plagi za nyaya, kisha kulehemu upya viungo vilivyolegea. Ni kazi ya jioni moja, na hufaa hasa pale nukta zinapokuja na kutoweka ukiigonga bodi kwa kidole.

Ya pili ni kung'oa gundi. Kiwandani, saketi ya VCO, ile inayozalisha masafa kwa kufuata volti inayopewa, ilimwagiwa gundi ili koili zisitikisike. Miaka ilivyopita, gundi ile ikaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipuri. Hapo unailainisha kidogo kidogo, unachokonoa kwa kijiti cha mbao usije ukakata waya mwembamba wa koili, unasafisha kwa spiriti, unabadilisha vilivyoliwa. Kisha unapima na kurekebisha volti ya VCO. Inachosha kwelikweli.

Mimi huanza na lehemu. Ila gundi ikishageuka kahawia, naing'oa yote. Lehemu mpya haiiponyi.