Mawakili wetu wa Kisumu: walitukataza kulipa, na wakatuokoa

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama wanaolima mpunga huku Ahero. Wenzangu wamenituma niandike, maana kazi tuliyofanyiwa na ofisi hii ya mawakili inastahili kusemwa hadharani.

Tulitaka kununua kipande cha shamba nje ya skimu ya umwagiliaji ili tujenge ghala. Asiye na ghala huku kwetu huuza mpunga wiki ileile ya kuvuna, na bei anapanga dalali. Muuzaji tulimjua, ni jirani. Tulishaelewana bei na pesa zilikuwa benki. Kwa wakili tulifuata kitu kimoja tu, kuandikiwa makubaliano.

Wakili aliyetupokea, dada mdogo kwa umri, hakuandika chochote siku hiyo. Alichukua namba ya shamba, akamtuma karani afanye sachi ofisi ya ardhi, yaani aangalie rekodi zinasema shamba ni la nani. Majibu yalipotoka akatuita maafisa wote wa kikundi. Karatasi ilionyesha kwamba shamba bado liko kwa jina la babu yake muuzaji, ambaye alifariki zamani.

"Mama zangu," akasema, "jirani yenu huenda ni mtu mwema, lakini kwa leo hana shamba la kuuza. Mkimpa pesa mtakuwa mmempa zawadi."

Akafungua Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, akatusomea, kisha akaeleza upya kwa Dholuo ili wakubwa wetu wasiachwe nyuma: mali ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama imteue msimamizi, na anayejichukulia tu anatenda kosa la jinai. Mwenyekiti wetu aliuliza swali lilelile kwa njia tofauti tofauti, na kila mara akajibiwa kwa upole bila mtu kutazama saa.

Baadhi ya wanachama walikasirika. Walimwona wakili kama mtu wa kutuchelewesha, na msimu ulikuwa unakaribia. Basi tukaomba ofisi iwashughulikie na wale wenye shamba, mambo yaende haraka. Wakakataa. Walisema wao wanatusimamia sisi wanunuzi, familia itafute wakili wake. Hiyo ilikuwa kazi ya kulipwa, na wakaiacha ipite. Mimi hapo ndipo nilipowaamini.

Familia ilipoanza kesi ya urithi, chifu aliandika barua ya kutaja warithi wote. Yakatokea majina ya mashangazi wawili, mmoja ameolewa Siaya, mwingine Homa Bay, ambao muuzaji hakuwahi kututajia. Sheria haimnyimi binti urithi wa baba yake kwa sababu ameolewa. Shangazi wa Homa Bay alipofika alisema hakuwa amesikia lolote kuhusu kuuzwa kwa shamba. Alikubali baada ya kuhakikishiwa fungu lake, lakini hebu fikiria angefika akute tumeshamwaga msingi.

Subira ilihitajika. Tangazo hukaa siku 30 katika Gazeti Rasmi la Serikali kungoja pingamizi, na msimamizi akishapewa hati, kwa kawaida miezi 6 hupita kabla mahakama haijaithibitisha. Muda wote huo karani alikuwa akinitumia ujumbe kila jambo liliposogea. Baadaye wakatuma mpima ardhi akague mawe ya mipaka, kwa kuwa mafuriko ya Nyando huyafukia. Idhini ya wake wa wauzaji na kibali cha bodi ya ardhi walivishughulikia vizuri, sina la kuongeza.

Kuhusu pesa nina mengi, hiyo ndiyo kazi yangu. Walinipa karatasi yenye sehemu mbili, ada yao upande mmoja na pesa za serikali upande wa pili. Ushuru wa stempu kwa shamba la mashambani ni asilimia 2 ya thamani (mjini ni 4), na ulilipwa kwa jina letu, risiti ninayo. Ada ya wakili haishuki chini ya kiwango kilichowekwa kisheria, kwa hiyo anayekuahidi bei ya kutupa kwa kazi ya ardhi, muulize vizuri. Pesa za ununuzi zilikaa kwenye akaunti ya wateja, mbali na pesa za ofisi, hadi hati zote za uhamisho zikawa mkononi. Nilisoma taarifa ya akaunti hiyo mbele ya wanachama, na hakuna aliyeinua mkono kulalamika.

Wana kasoro. Barua zao zote ni za Kiingereza, na mimi ndiye hubaki kuwatafsiria wenzangu. Ofisi iko juu ghorofani bila lifti, na tuna wanachama wenye magoti mabovu. Simu ya mapokezi asubuhi haishikiki. Nimewaambia haya ana kwa ana, na tangu hapo wamekuwa wakishuka chini na faili mama mzee anapohitaji kutia sahihi.

Sasa ghala limesimama na mnunuzi wa mchele ametuletea mkataba. Tumewapelekea mawakili wetu. Wametuambia tusitie sahihi bado, kwa sababu kifungu cha malipo kinampa mnunuzi siku 90 baada ya kupokea mzigo, na wao wanataka kiandikwe upya kabla ya mavuno.