Uzoefu wangu wa kuishi Mbezi Mwisho na familia: ulizia lami kabla ya kodi

Anayeuliza kama Mbezi Mwisho, hapa Dar es Salaam, ni mbali na mjini ameuliza nusu ya swali. Kutoka stendi ya Mbezi hadi Kimara barabara ni pana, kwani Morogoro Road ilipanuliwa kuwa njia nane kwa kilomita 19.2 kati ya Kimara na Kibaha. Kinachokula muda na mshahara ni kile kipande cha kutoka kituoni hadi getini kwako: Msakuzi, Makabe, Msumi, Mpiji Magohe na vichochoro vyake. Dalali atakwambia "dakika tano tu na boda". Dakika 5 za boda ni kilomita 2 au 3, na hizo utazilipia kila siku.

Piga hesabu kabla hujatoa kodi ya miezi 6. Boda ya Sh 1,000, kwenda na kurudi, watu wawili wanaotoka, siku 26 za kazi: ni Sh 104,000 kwa mwezi. Nyumba ya laki mbili huko ndani inalingana na ya laki tatu iliyo kando ya lami, na ya ndani bado ina tope. Mvua ikinyesha nauli inapanda, na dereva akiona kilima chenye utelezi anakushusha chini umalizie kwa miguu. Lami hiyohiyo ndiyo inayoamua mengine: boza la maji, gari la taka, gari la majitaka, basi la shule na gari la kumwahisha mgonjwa usiku, vyote vinapita njia moja.

Sasa foleni. Njia nane zinaishia Kimara. Kuanzia hapo kwenda Ubungo magari ya kawaida yanabaki na njia mbili kila upande, katikati ni ya mwendokasi (mabasi yaendayo haraka). Kwa hiyo asubuhi foleni inajikusanya Kimara Mwisho na kurudi nyuma Stop Over, Suka, siku mbaya hadi Temboni. Daraja la juu la Kijazi pale Ubungo, lililofunguliwa 2021, liliondoa kusubiri taa za makutano, lakini halikuipanua Kimara. Uvuke Kimara kabla ya saa 12 asubuhi, au usubiri hadi saa 3. Katikati ya hapo ni kukaa tu.

Njia inayonifaa zaidi kwa kwenda Posta au Kariakoo ni kushuka Kimara na kuingia mwendokasi, kwa sababu hapo ndipo ruti inaanzia na kiti kinapatikana ukikubali kupanga foleni. Magari yakiwa machache foleni ya abiria inakuwa ndefu, lakini ukishapanda unapita kwenye njia yako peke yako. Daladala ya moja kwa moja ina mitego miwili. Wa kwanza ni kukatisha ruti: jioni gari lililoandikwa Mbezi linaishia Kimara, konda anawashusha na kugeuza. Uliza kabla hujakaa, na nauli toa likishapita Kimara. Wa pili ni kugeuza nalo, yaani kupanda gari likiwa linakwenda mwisho ili urudi nalo ukiwa umekaa, na hapo unalipa nauli mbili. Wanaoshuka mbali wanaona inafaa, mimi naona bora kuamka mapema.

Kinachoiinua Mbezi juu ya Kibamba au Kiluvya ni kwamba ina milango mitatu: Morogoro Road, Goba na Malamba Mawili. Mwenye kazi Mwenge, Mikocheni au Masaki hana haja ya kuigusa Ubungo: anakwenda Goba, kisha anatokea Tangi Bovu, au anakata Makongo hadi Chuo cha Ardhi. Mwenye kazi uwanja wa ndege au viwanda vya Pugu Road anapita Malamba Mawili na Kinyerezi hadi Banana. Nyumba iliyo kwenye mojawapo ya barabara hizo ina thamani kuliko iliyo kwenye kichochoro kinachotokea Morogoro Road pekee. Wasafiri wa mikoani nao wamepumzika: Stendi ya Magufuli iko hapahapa tangu 2021. Ubaya wake ni wiki ya Krismasi, pale mageti ya stendi yanapofurika na daladala hazisogei.

Maji ya upande huu yanatoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi. Shida ya kila siku ni presha zaidi ya uhaba. Mbezi ni vilima na mabonde. Siku ya mgao aliye bondeni anajaza mapema, aliye kilimani anayapata usiku wa manane, wengine wakishafunga koki zao, tena yakichuruzika. Nyumba nyingi za kupanga zina tenki moja tu lililopandishwa kwenye mnara wa mita 3. Ukijumlisha kimo cha tenki lenyewe, maji yanatakiwa kupanda karibu mita 4.5 ndipo yaingie, na ile presha ya usiku haifiki huko. Ndiyo maana koki ya uani inatoa maji huku tenki la juu likiwa kavu.

Suluhisho ni matenki mawili. La chini, chini kabisa usawa wa ardhi, linapokea maji ya bomba kupitia koki ya boya (inayojifunga tenki likijaa), halafu pampu ndogo ya nusu hosipawa inayapandisha juu. Kati ya mita ya maji na tenki weka valvu ya kuzuia maji yasirudi, maana bomba la mtaani likikauka linaweza kuyavuta tena. Ukubwa wa tenki unapatikana kwa hesabu rahisi: watu 5 kwa lita 40 kila mmoja ni lita 200 kwa siku, hivyo tenki la lita 1,000 ni siku 5 na la 2,000 ni siku 10. Mto Ruvu ulipopungua mwishoni mwa 2022 na jiji likaingia mgao mkali, wenye lita 1,000 ndio waliohangaika na madumu. Nyumba ikinadiwa kuwa na kisima cha saa 24, onja maji, kisha angalia ndani ya birika la mpangaji anayehama. Ukoko mweupe na sabuni isiyotoa povu vinakwambia utanunua maji ya kunywa kila wiki.

Umeme: omba LUKU (mita ya kulipia kabla) yako peke yako. Mteja mdogo anayetumia uniti 75 kwa mwezi au pungufu analipa takriban Sh 122 kwa uniti pamoja na kodi, wa kawaida analipa karibu Sh 357. Familia tatu zenye mita moja, kila moja ikitumia uniti 60, kwa pamoja ni uniti 180, hivyo zote zinatozwa bei ya juu. Kila familia inatoa zaidi ya Sh 21,000, wakati kwa mita yake ingetoa chini ya Sh 7,500. Hapo bado ugomvi wa nani ana friji. Kodi ya jengo ya Sh 1,500 kwa mwezi nayo inakatwa kwenye LUKU. Ni deni la mwenye nyumba, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba kwamba atairudisha au ataipunguza kwenye kodi ya pango.

Shule ndiyo inayowachosha wazazi wengi. Ukienda kuuliza, uliza ruti ya basi, siyo umbali wa shule. Basi linaanza na mtoto wa mbali zaidi, na huyo anasimama barabarani saa 11 alfajiri hata kama shule iko kilomita 6 tu. Tangu 2023 bweni limepigwa marufuku kwa watoto wa awali hadi darasa la 4, kwa hiyo lile kimbilio halipo. Wa sekondari anayetegemea daladala analipa Sh 200, na kwa sababu hiyo makonda wanamruka saa za msongamano. Shule ya wastani ya kutembea kwa miguu naipa alama nyingi kuliko nzuri ya mbali.

Hospitali ya Mloganzila ipo jirani, lakini ni ya rufaa, hivyo ijue zahanati ya mtaani kwako kwanza.

Nyumba uione masika, Machi hadi Mei. Angalia maji ya jirani wa juu yanapita wapi: kama hayana mtaro, yanapita kwako, na karo lililochimbwa mtelemkoni linafurika kutoka upande huo. Anayenunua apime mita 121.5 kutoka katikati ya Morogoro Road. Hiyo ndiyo hifadhi ya barabara kila upande, na nyumba zilizokuwa ndani yake kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa 2017. Hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa haiifuti hifadhi, kwa hiyo kabla ya kutoa hata malipo ya awali, nenda ofisi ya ardhi ya Manispaa ya Ubungo na namba ya kiwanja ukafanye upekuzi.