Gundi au pimbi, ukamtafute yupi?

Hapa Dar ubishi huu hauishi, mnyama wa majabali wa kwenda kumpiga picha ni pimbi au gundi wa Speke (gundi mnyama, sio ya kubandikia). Kwa gharama pimbi kashinda, unapanda basi la Mwanza au unaenda Serengeti, wamejaa kwenye mawe. Gundi mpaka Ethiopia, Djibuti au Somalia, milima mikavu, nauli sio mchezo. Ila aisee huyu ndo wa jamii ya panya kweli, umbo kama simbilisi, mkia wa manyoya, maji anayapata kwenye majani anayokula, asubuhi anaota jua juu ya jiwe kwanza. Pimbi ni ndugu wa tembo! Wote wawili wanaonekana mchana. Una siku chache, pimbi. Umejichanga na unapenda wanyama wasiojulikana, fuata gundi.